Sanduku Lililonyweshwa Mawaridi

Harufu ya mawaridi hunifurahisha kuliko inavyostahiki kumfurahisha mtu mzima. Ikinipitia puani, penye harusi au penye maulidi, natabasamu peke yangu, na aliye karibu huniuliza nina nini. Huwa nasema sina kitu. Leo nasema kweli: nafurahi kwa sababu kuna mwanamke aliyeumbuka kwa mawaridi mbele ya macho yangu, na mpaka leo sijamwonea huruma hata chembe.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kibanda changu kipo Mji Mkongwe, kwenye kichochoro chembamba ambacho vespa ikipita lazima ujibane ukutani. Nyumbani ni Michenzani, kwenye yale majumba marefu, ninakoishi na mama ghorofa ya juu ambako upepo haukatiki na maji ya bomba hayapandi. Kazi yangu ni kufufua vitu vilivyouliwa na kisiwa hiki. Nikifungua mashine iliyotoka hoteli za pwani ya mashariki nakuta feni zimeganda chumvi na shaba imeota ukijani, utadhani imevuliwa baharini. Kilichoachwa na chumvi kinamalizwa na joto.

Waliokuwa wakiteseka zaidi ni vijana wa gemu, kwa sababu mashine za gemu zinachemka vibaya. Mtu akianza mechi ya mpira tu, feni zinavuma kama blenda inayosaga karanga, na kabla ya mapumziko kompyuta imejizima. Hapo ndipo nilipoanza kutengeneza za maji. Jambo lenyewe si la ajabu, gari lolote linafanya hivyo. Maji yanapita juu ya kile kinachochemka, yanachukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, yanapoa, pampu inayarudisha. Lakini ukimwambia mtu kwamba utatia maji na umeme ndani ya kasha moja, anakuangalia usoni kwanza ahakikishe kama u mzima.

Zile za mwanzo nilizitengeneza ndani ya makasha ya kawaida ya bati. Zilipoa, wateja wakaridhika, lakini nilikuwa nataka kutengeneza moja ambayo mtu akiiona atasimama. Na kitu kilichokuwa kikinifanya mimi nisimame, tangu utoto wangu, ni sanduku la bibi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sanduku la njumu, la mti mwekundu, limepigwa misumari ya shaba kwa nakshi mbele nzima. Ndani alikuwa akiweka sanda yake, ameikunja pamoja na karafuu maiti, akiitoa na kuiangalia mara kwa mara kama watu wengine wanavyoangalia nguo ya sikukuu. Chini ya sanduku kulikuwa na droo tatu ambazo kila mtu alizijua. Ya nne aliijua yeye, akanionyesha mimi. Unaitoa droo ya kushoto yote, unapeleka mkono ndani mpaka kiwiko, unakisukuma kibao cha nyuma kwa kidole cha kati, nacho kinateleza. Nyuma yake kuna kijumba kidogo alichokuwa akifichia dhahabu zake, miaka ambayo watu walikuwa wakificha dhahabu. Hakumwonyesha hata mama. Alipofariki, sanduku likawa langu; aliusia hivyo kwa mdomo wake mbele ya mama na dada zake, khalati zangu, na hakuna aliyepinga.

Mama aliponiona nimelilaza sanduku kifudifudi sebuleni na msumeno mkononi alishika kichwa.

"Unalikata sanduku la mamaangu?"

"Nalitoboa nyuma tu, mama. Feni lazima zipate pa kupumulia."

"Feni! Yeye kaniachia radhi yake, we unaniletea feni!"

Nilikata ubao wa nyuma peke yake, usioonekana, na vipande nikaviweka. Mbele sikugusa hata msumari mmoja. Mabomba sikutumia ya plastiki yanayoletwa kutoka nje, nilitumia ya shaba, yale ya viyoyozi, nikiyakunja mwenyewe. Bomba la shaba ukilikunja tupu linabonyea. Kwa hivyo nalijaza mchanga mkavu, nauziba mwisho wake, nalipasha moto, ndipo nalikunja polepole juu ya ubavu wa kinu. Mchanga wa pwani una chumvi, kwa hiyo niliuosha na kuuanika kama ninavyoanika mchele wa wadudu, na majirani wakasema sasa basi, huyu amekwisha. Viungo nikavipiga lehemu. Yalipokamilika, mabomba yalifuata pembe za sanduku na kupinda pale nakshi ilipopinda, shaba ya ndani ikijibizana na shaba ya nje. Juu, chini ya kifuniko, nikaweka kioo, ili ukifunua uone kila kitu na taa zikiwaka.

Lilibaki jambo moja. Maji ya mashine yanachakaa kama maji mengine, yanatakiwa kumwagwa na kubadilishwa, na pa kuyamwagia lazima pawe chini kabisa. Pahala pa chini kabisa ndani ya sanduku lile palikuwa ni kijumba cha dhahabu za bibi. Nikafunga koki ya kutolea maji humo, nyuma ya kibao, na kibao nikakirudisha. Sikufanya hivyo kwa hila. Nilitaka tu siri yake iendelee kuwa na kazi.

Sasa nije kwa shoga yangu. Ni mwenzangu tangu chuo cha Kurani, tulikaa mkeka mmoja tukisoma juzuu, na kiboko cha mwalimu tulikula pamoja kwa sababu yeye alikuwa akiongea na mimi nikicheka. Aliendelea kuongea, na alipokua akapata simu ya kuongelea. Alikuwa akipiga video za mapishi, za mikoba, za sehemu za kwenda kula, na watu wengi wakimfuata. Nilipomaliza sanduku alikuja na taa yake ya duara, akaniambia nitulie, yeye atalitembeza duniani. Nilikubali kwa moyo mweupe. Mimi nikisimamishwa mbele ya kamera nasahau hata jina la pampu, yeye akiiona kamera anachanua. Tukapatana hivyo: mikono yangu, mdomo wake.

Siku ile alilizunguka sanduku, akalifunua, taa zikawaka, maji yakapita. Akasema, akiwa ameielekeza simu kwangu, "Mashaallah, shoga, sanduku zuri hili!"

Nami, kama nilivyolelewa, nikajibu, "Lako."

Kila aliyelelewa na wazee wa hapa anajua maana yake. Mtu akisifu kitu chako humwachi hivi hivi, unamwambia chako, naye anasema ahsante, kizuri kwa mwenyewe, na mambo yanaishia hapo. Ukimwambia mgeni "lako" juu ya kanzu yako haondoki nayo akakuacha uchi. Ni heshima tu. Yeye hakujibu kizuri kwa mwenyewe. Alicheka, akageuza simu kwake, akaendelea na maneno mengine, na mimi sikutia maanani.

Video ile ilikwenda mbali. Hoteli moja kubwa ya Kiwengwa ikamwita, ikitaka sanduku likae wiki moja kwenye ukumbi wao wa michezo, wageni walione. Akaja na pikapu. Nikalifunga mablanketi mwenyewe, nikamwelekeza namna ya kuwasha na kuzima, na nikamwambia neno moja juu ya maji: yakipungua kwenye tangi usitie ya bomba, usitie ya kisima, tia maji ya mvuke tu, yale yanayouzwa petroli steshini ya kutiwa kwenye betri. Akasema sawa. Nililisindikiza mpaka chini ya ngazi.

Wiki ikapita, ikawa mwezi. Kila nikimuuliza, wageni wameomba libaki kidogo. Halafu nikaanza kuona video ambazo sikuambiwa. Shoga yangu yuko Kiwengwa, amevaa ovaroli mpya ambayo haijawahi kuona grisi, ameshika spana kwa mkono usiojua spana inashikwaje, anasema: hili sanduku langu, nimelitengeneza kwa mikono yangu, mabomba nimekunja kwa mchanga. Mpaka mchanga! Nilimpigia hapo hapo.

"Sanduku langu linarudi lini?"

"Shoga, mbona hivo? Si ulinipa?"

"Nilikupa lini?"

"Kwenye video. Ulisema lako. Watu wote wameskia."

"Ile ilikuwa heshima, we!"

"Mie sjui. Mie nlifikiri umenipa. Na hapa nshawaambia watu langu, unataka nionekane muongo?"

Akakata. Mtu tuliyekula naye sahani moja alikuwa amechukua adabu yangu na kuifanya hati.

Nilifanya linalofanywa. Nilikwenda na mama kwa mama yake, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, tukakaribishwa kahawa, na mama akayaeleza kwa upole wote. Yule bibi mkubwa aliomba simu ya mjukuu, akaitazama ile video, akairudia, akasema, "Lakini mwanangu, hapa si unasema lako?" Mama akamwambia, "Bi, wewe na mie tushaambiana chako mara ngapi? Mbona vyombo vyako bado viko kabatini?" Yule bibi akaangalia nje dirishani. Akasema mambo ya vijana wa siku hizi hayajui, na kwamba si vizuri watoto wa kike kugombania sanduku. Kahawa yangu sikuimaliza.

Kilichoniuma zaidi kilikuja kibandani kwangu. Mteja mmoja alinionyesha picha ya sanduku kwenye simu yake, akaniuliza kama naweza kumtengenezea kama lile. Nikamwambia lile ni langu. Akacheka kwa adabu, akasema, "Hapana, dada, hili la yule wa Kiwengwa. Lakini hata ukiiga si mbaya." Nikamwambia nimefunga, na ilikuwa hata adhuhuri haijaadhiniwa.

Kuanzia siku ile nilikuwa nikiamka na yule mwanamke kichwani na kulala naye kichwani. Nikikunja bomba la mtu mwengine nilimkunja yeye. Mama alinisikia nikiongea peke yangu jikoni, akanisomea, akanipa maji ninywe. Niliyanywa, na nikaendelea.

Halafu siku moja baada ya alasiri, mimi na mama tumekaa tunachambua mchele, ikatokea video mpya. Shoga yangu amesimama pembeni ya sanduku, amefunua kifuniko na kioo, na mkononi ameshika mrashi wa fedha, ule wa kunyunyizia watu kwenye maulidi. Anamimina ndani ya tangi. "Mnauliza linakunywa nini?" anasema. "Linataka maji ya mvuke. Na mvuke gani mzuri kuliko wa mawaridi? Haya anatoa shangazi yangu mwenyewe kwa sufuria. Kiafrika, Kizanzibari! Kompyuta inayonukia!" Na wale wanaomfuata wakampelekea mioyo.

Mchele ulinimwagika. Nilimwelewa mara moja alivyofikiri, na mtu wa kwengine kokote asingekosea hivyo. Neno "mvuke" lilimbaki. Na kweli marashi ya mawaridi yanatokana na mvuke: unachemsha maua, mvuke unapanda, unaukusanya, unakuwa maji meupe yasiyo na chumvi hata punje. Kwa akili yake alikuwa amenishinda, amepata maji ya mvuke yenye harufu juu yake. Lakini ndani ya maji yale limo ua, na ua linaoza. Kila aliyewahi kusahau maua ndani ya chupa anajua utelezi unaofanya chini yake. Na juu ya prosesa, ubongo wa mashine, maji yanapita kwenye kibamba cha shaba chenye njia nyembamba kuliko nafasi za kitana. Utelezi ukifika pale, umefika.

Mama alikuwa ananitazama.

"Kafanya nini?"

"Kaitilia sumu, mama. Itaziba."

"Basi mpigie umwambie."

"Simwambii."

"Sanduku la mamaangu lile!"

"Sanduku halitodhurika. Mabomba yangu hayavuji. Litajizima tu."

"Lini?"

"Siku litakapochoka," nikasema, na moyo wangu ulikuwa mtamu, mtamu wallahi, kwa mara ya kwanza tangu lile sanduku kuteremka ngazi. Mama alinyanyua ungo akahamia chumbani.

Nikangoja. Nikawa nazifuatilia video zake kwa hamu kuliko wote wanaompenda. Kila alipoongeza mawaridi nilimwombea afya njema asiache. Maji yakaanza kufifia, yakawa kama maji yaliyooshewa mchele. Yeye akabadilisha taa zote akaweka za waridi ili usione, akasema sanduku limekunywa sharubati. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha akatangaza kwamba hoteli inafanya maonyesho ya kompyuta za kutengenezwa kwa mkono, mafundi watatoka Unguja yote na bara, na atakayefungua maonyesho, kwa kucheza gemu mbele ya watu kwenye sanduku lake, ni yeye.

Nilijifukiza udi siku ile. Nilivaa baibui langu la harusi za watu, nikapiga wanja, nikakodi gari mpaka Kiwengwa. Kwenye buti niliweka begi langu la kazi na madumu ya maji ya betri, kwa sababu fundi haendi mahali mikono mitupu.

Ukumbi ulikuwa umejaa na kazi nzuri zilikuwapo. Mtu mmoja alikuwa ameitia kompyuta yake ndani ya dema la kuvulia samaki, mabomba yanapenya kwenye matundu kama mkunga. Mwengine amechukua redio ya mbao ya zamani, taa zinawaka pale penye namba za stesheni. Nilizisifu na nilizisifu kwa kweli. Sanduku la bibi lilikuwa mbele, juu ya jukwaa, limemwagiwa maua. Nilisogea nilione. Walikuwa wamelipaka rangi ya kung'arisha, na kwenye kifuniko kulikuwa na alama ya duara ya kikombe cha mtu.

Shoga yangu aliniona, akaja na mikono wazi mbele za watu. Alinibusu mashavu yote mawili. Akamgeukia meneja wa hoteli, akasema, "Huyu alikuwa msaidizi wangu zamani."

Nikasema, "Naam." Nikakaa mstari wa mbele.

Akaongea sana. Akazungumzia bibi, bibi yangu mimi, akimwita bibi yetu. Kisha akakaa, akashika kidude cha kuchezea, na gemu ikaanza kwenye skrini kubwa. Ukumbi ulikuwa na joto la watu wengi. Wachezaji walikimbia, watu wakashangilia, mpira ukafika karibu na goli, na skrini ikawa nyeusi.

Akacheka. Akasema umeme wa hoteli. Taa za ukumbi zilikuwa zinawaka zote. Akawasha tena, na safari hii hata mpira haukuanza. Akawasha tena, sanduku likapiga mlio mmoja, likanyamaza. Nyuma yangu mtu akasema, "Imechemka hiyo." Mwengine akasema, "Si ya maji?" Nilikunja mikono yangu mapajani. Nilikuwa nimekwenda kule kukaa tu, kumtazama akitokwa na jasho mpaka watu watakapotawanyika, na niliona kila tone.

Lakini meneja aliitisha fundi bomba wa hoteli. Akaja na sanduku lake la vifaa, akafunua kioo, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akasema maji yameoza, lazima yatolewe. Akamuuliza shoga yangu yanatolewa wapi. Akamwambia, yanatolewa chini. Akamuuliza chini wapi. Shoga yangu akanyooshea kidole zile droo. Yule fundi akapapasa, akavuta droo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaona tupu. Mabomba yamepigwa lehemu, akasema, hayafunguki, basi atatoboa ubao wa mbele, kwa chini, alikate bomba kwa ndani. Shoga yangu akasema, "Toboa." Hakufikiri hata kidogo. Yule mtu akapiga goti, akaweka msumeno kwenye ubao wa mbele, kwenye misumari ya shaba ya bibi yangu.

Hapo nilisahau kukaa kwangu kote.

"Ondoa msumeno wako hapo!"

Nilikuwa jukwaani kabla sijajijua. Meneja akaniuliza mimi ni nani.

"Muulizeni mwenyewe mie nani."

Shoga yangu alinikamata mkono, akaninong'oneza sikioni. Alikuwa ananuka mawaridi mwili mzima. "Shoga, nsaidie. Yanatokea wapi?"

Nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Si umelitengeneza kwa mikono yako? Waonyeshe."

"Usinifedhehi, nakuomba."

"Watu wanangoja."

Simu zilikuwa juu, ukumbi mzima, kila mtu anachukua. Alizitazama zile simu alizozipenda maisha yake yote, na nadhani ilikuwa siku ya kwanza kuziogopa. Yule fundi bado alikuwa amepiga goti, msumeno mkononi, hajui amsikilize nani. Nikamwambia shoga yangu, polepole, kama tunavyomfundisha mtoto herufi, "Sema sanduku la nani."

"Lako," akasema chini chini.

"Lako la heshima au lako la kweli? Waambie hao, usiniambie mie."

Akageuka. Wanja ulikuwa umeshashuka. "Lake," akasema. "La bibi yake. Katengeneza yeye. Mie nlipiga picha tu."

Yule wa dema akapiga kofi moja, na wengine wakafuata. Niliomba sufuria kubwa jikoni. Nikakunja mkono wa baibui, nikaitoa droo ya kushoto yote, nikapeleka mkono ndani mpaka kiwiko, nikakisukuma kibao kwa kidole cha kati. Kikateleza. Nikafungua koki. Kilichotoka hakikuwa maji. Kilitoka kama mlenda, rangi ya maziwa yaliyochacha, na harufu ya mawaridi yaliyooza ikajaa ukumbi, wageni wakaziba pua kwa vitambaa vya mezani. Shoga yangu alisimama pale pale akivuta harufu ya kazi yake. Nilihakikisha nimeitikisa sufuria kabla ya kuipeleka pembeni.

Meneja alifurahi. Akasema haya, sasa tia maji mapya, fundi, tuendelee na onyesho. Maji yalikuwa garini, madumu yaliyojaa, na ningeweza kulisafisha na kuliwasha kabla watu hawajamaliza chai. Nilimwambia hakuna onyesho. Nikamwambia atafute blanketi na watu wa kunyanyua.

Lilirudi Michenzani siku ile ile. Majirani walilipandisha ngazi, wakipumzika kila ghorofa, na mama alikuwa mlangoni na kitambaa kibichi. Alifuta ile alama ya kikombe kwanza kabla hajaniambia karibu. Mimi nilichukua siku nyingi kulisafisha ndani, kwa siki, kwa maji ya betri, tena na tena, na sasa linapoa kama zamani. Ule utelezi niliuweka kidogo ndani ya chupa ya jemu, upo kwenye rafu kibandani. Wateja wakiniuliza ni kitu gani nawaeleza, tena nawaeleza kwa kirefu.

Sikukuu zote mbili shoga yangu huniletea salamu za kuombana radhi. Nazisoma, nazifuta. Mama anasema moyo wangu umekuwa mgumu, kwamba mtu ameshafedheheka mbele ya dunia, nataka nini tena. Namjibu sitaki kitu, nimeshapata nilichotaka. Anatikisa kichwa, kwa sababu ananijua.

Juzi alikuja mgeni wa mama, bibi wa makamo kutoka mtaa wa pili, mwenye adabu zake. Alikaa, akalitazama sanduku lilivyowaka, akasema, "Mashaallah, sanduku zuri hili!"

Nikasema, "Ahsante."

Mama alinikazia macho. Mgeni alibaki amenielekea, anatabasamu, jibu lake limeshafika mdomoni, anangoja mimi nimalizie langu. Nikachukua birika nikammiminia chai.